Jina la Munganga Raffaele

Nyongo ya samaki haiponyi jicho. Ninaanza na neno hilo, ninyi vijana wa Kafutuma munaojifunza kazi ya macho, ingawa najua mulikuwa munangoja vichekesho. Vichekesho viko, vitakuja. Lakini mukisahau yote nitakayosema leo, hilo la nyongo musilisahau, maana lilichukua jicho la mutu mumoja na furaha ya mutu mwingine, na wote wawili niliwapenda.

Miye nilizaliwa ng'ambo, Kilwa ya Kongo, nikavuka ziwa kuja huku Zambia nikiwa binti. Nimefanya kazi ya macho mwambao huu wa ziwa Mweru mpaka magoti yakakataa, na watu wakazoea kuniita Mama wa Macho. Sikuwa munganga, sikuwa daktari wa kupasua. Kazi yangu ilikuwa kuosha jicho, kutia dawa, kufunga bandeji, kushika kichwa cha mugonjwa kisitikisike, na kutafsiri. Musicheke. Kutafsiri ilikuwa nusu ya kazi. Mugonjwa anasema Kibemba, munganga anasema Kiswahili alichojifunza Lubumbashi, na miye katikati yao kama daraja la miti.

Munganga mwenyewe alikuwa Mutaliano, jina lake Raffaele. Alikuwa anakuja kila kiangazi, anakaa wiki kadhaa Nchelenge, anapasua macho ya wale ambao mutoto wa jicho amewafunika, kisha anarudi kwao. Alikuwa mufupi, mwenye mikono midogo kama ya mwanamuke, na alikuwa anatembea haraka hata pasipo haraka. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, isipokuwa maneno mawili yalimushinda kabisa: "funga" na "fungua".

Siku moja mama muzee wa Kashikishi yuko kwenye kiti, munganga amemushikia tochi.

"Funga macho, Mama," anamuambia.

Mama anafunga.

"Hapana, Mama. Funga! Funga sana!"

Mama anakaza mpaka uso unajikunja kama wa mutu aliyeuma ndimu. Munganga ananigeukia, jasho linamutoka: "Huyu mama ni mubishi."

Nikamuambia, "Munganga, hakuna mugonjwa mutiifu kama huyu katika Zambia yote. Unamuambia afunge, naye anafunga."

Alicheka mpaka akaweka tochi chini. Toka siku ile, kabla ya kila mugonjwa, alikuwa ananiinamia sikioni na kuuliza kwa sauti ndogo: "Ni -nga ao ni -ngua?"

Lakini yeye ndiye aliyenifundisha. Siku zangu za kwanza nilikuwa ninawavuta vipofu kwa mukono kama mutu anayepeleka mbuzi sokoni. Akaniona. Hakunigombeza. Alinifunga kitambaa machoni, akanishika mukono, akanivuta hivyo hivyo kutoka mulango wa wodi mpaka chini ya muti wa mbele. Nilijigonga goti, nikakanyaga kuku, nikataka kulia. Kisha akasema, "Sasa shika kiwiko changu wewe mwenyewe." Tukarudi, naye akitangulia nusu hatua, na mwili wake ukaniambia kila kitu: hapa tunapanda, hapa tunageuka. Mutu asiyeona asivutwe. Apewe kiwiko, aongozwe na ninyi mukiwa mbele yake kidogo. Na dawa ya matone musiidondoshe juu ya kioo cha jicho kama mutu anayetia chumvi kwenye mboga. Vuteni kope ya chini ifanye mufuko mudogo, mugonjwa aangalie juu, tone moja liingie mufukoni. Ncha ya chupa isiguse kope hata kidogo.

Bon. Sasa nije kwa Ba Chola.

Ba Chola alikuwa fundi wa mabwato kule Chisenga, na Kiswahili alikijua kidogo. Kila mwenye kuvua chisense, dagaa wetu, kisiwani alikuwa amekalia ubao uliopita chini ya shoka lake. Mutoto wa jicho akamufunika macho yote mawili, na binti yake Malita akamuvusha mpaka kwetu ndani ya bwato ambalo yeye mwenyewe alilichonga zamani. Njia yote, Malita aliniambia, muzee alikuwa anapapasa ubavu wa bwato na kulalamika kwamba wameliacha lioze.

Munganga alikuwa anapasua jicho moja kwanza. La pili linangoja kiangazi kijacho, mpaka la kwanza lihakikishwe limepona. Basi alipasua la kuume. Kesho yake asubuhi nikatoa bandeji. Ba Chola akageuza kichwa, akamuona Malita.

"Mayo, binti yangu," akasema, "umezeeka kama mama yako!"

Wodi nzima ikacheka, Malita analia na kucheka pamoja. Muzee akamushika munganga mukono asimwachie.

"Unaitwa nani, weye?"

"Raffaele."

"Lafaele." Watu wa hapa munajua, R inawapita mbali. "Hiyo jina inasema nini? Sisi kwetu jina lazima iseme kitu."

Munganga akavuta kiti. Alikuwa anapenda kuulizwa hivyo kuliko kusifiwa. Akaeleza, na miye nikawa ninatafsiri kwa ajili ya wengine. Akasema jina hili si la Wataliano tangu mwanzo. Ni la Wayahudi. "Rafa" ni kuponya, "El" ni Mungu. Mungu ameponya. Mikaeli, Gabrieli, Rafaeli, wote watatu wamebeba Mungu mukiani mwa jina. Kutoka kwa Wayahudi likapita kwa Wagiriki, likapita Roma, likafika kwao, nao Wataliano wakalitia F mbili kwa sababu wanapenda kukaza midomo. Kwao, akasema, mutoto wa kwanza mwanaume anapewa jina la babu, baba ya baba yake. Kwa hiyo jina linaruka kama chura: babu, mujukuu, babu, mujukuu. Babu yake alikuwa Raffaele. Na mama yake alikuwa ameshika sikukuu ya malaika huyo katika mwezi wa kumi, siku yake ya zamani, hata Kanisa lilipomuhamisha mwezi wa tisa akae pamoja na Mikaeli na Gabrieli. Mama alisema malaika hajahama, ni mapadri ndio waliohama.

"Na huyo malaika aliponya nani?" Ba Chola akauliza.

Basi munganga akasimulia habari ya Tobiti. Ninyi wa makanisa mengine kitabu hicho hamuna katika Biblia yenu, lakini sisi Wakatoliki tunacho. Tobiti alikuwa mutu mwema, alikuwa anazika maiti zilizotupwa. Mavi ya ndege yakamwangukia machoni, macho yakafanya weupe, akawa kipofu. Mwanawe Tobia akafunga safari, na kijana mumoja akamusindikiza, kumbe ni malaika Rafaeli aliyejificha. Wakafika mutoni. Samaki mukubwa akaruka amumeze Tobia muguu. Malaika akamuambia amukamate, achukue moyo, ini na nyongo. Waliporudi, Tobia akapaka nyongo machoni mwa baba yake, weupe ukabanduka kama ganda, muzee akaona. Ndipo malaika akajitaja jina, akakataa mushahara, akatoweka.

Ninyi munajua watu wa ziwa. Ukiwasimulia habari ya mufalme watasinzia. Ukitaja samaki, wanakaa wima.

"Samaki gani?" Ba Chola akauliza.

"Haikuandikwa, Muzee."

"Kama aliruka kumeza muguu, ni kambale. Yule perege tunayemuita pale hafanyi vile."

Wodi ikaingia mabishano. Mumoja anasema kambale, mwingine mamba, mwingine anasema mutoni kwa Wayahudi kuna samaki wengine. Munganga alicheka pamoja nao, mukono ungali mukononi mwa Ba Chola. Sijamuona akiwa na furaha kama asubuhi ile.

Kiangazi kilichofuata hakuja. Tulisikia moyo wake unamusumbua, wamemulaza lopitali kwao. Ba Chola alikuwa anangoja jicho la pili. Tukamuambia aende Mansa kwa munganga mwingine. Akakataa. "Miye nangojea Lafaele." Kiangazi kikapita, mvua ikaanza.

Siku moja mvua ikiwa imepungua, Malita akamuleta tena. Niliona toka mbali namna alivyokuwa amefunika jicho la kushoto kwa kiganja. Nilipolifungua, lilikuwa jekundu kama nyanya, na juu ya kioo kulikuwa kidonda kikubwa cheupe, usaha unatoka.

"Ametia nini?" nikauliza.

Malita akaangalia chini. Ba Chola ndiye aliyejibu, bila aibu, maana hakuona aibu ya nini.

"Nyongo ya kambale, Mama. Kambale mukubwa, nilimuchagua mwenyewe. Niliweka siku ya kwanza, ikaungua. Nikasema, dawa ya kweli inaungua. Nikaweka tena."

"Tata, baba yangu, nani alikuambia?"

"Si yeye mwenyewe Lafaele? Weye ulikuwa pale, ulitafsiri."

Tulipigania jicho lile kwa dawa zote tulizokuwa nazo. Kidonda kilipona, lakini kiliacha kovu. Na hapa musikilize vizuri, hili ni la kazi. Jicho ni kama nyumba yenye dirisha la kioo na pazia nyuma yake. Mutoto wa jicho ni pazia la ndani lililochafuka; munganga analitoa, nyumba inapata mwanga. Kovu ni kioo chenyewe kilichoharibika. Ukiangaza tochi kutoka pembeni utaona weupe umekaa juu, wala si ndani ya mboni. Mukiona weupe, musiseme "ni mutoto wa jicho" mbio mbio. Ulizeni kwanza ni weupe wa wapi, halafu ulizeni mugonjwa ametia nini, na mumuulize kwa upole, maana ukimugombeza atakuficha na kesho ataleta la pili.

Munganga alirudi kiangazi kilichofuata, amekonda, anatembea polepole kwa mara ya kwanza tangu nimujue. Ba Chola alikuwa wa kwanza mulangoni. Munganga akamukumbatia, akamukalisha, akawasha tochi, akainama. Alikaa ameinama muda murefu kuliko kawaida.

"Nini hii?" akaniuliza kwa Kifaransa, ili muzee asielewe.

Nikamuambia. Sikuongeza wala kupunguza.

Alizima tochi. Akatoka nje, akakaa kwenye ngazi ya wodi, mikono katikati ya magoti. Nikamufuata. Aliniambia, "Ugonjwa wa Tobiti ulikuwa juu ya kioo. Wa muzee ulikuwa ndani. Nilijua tofauti hiyo, nami nilisimulia kama mutu anayesimulia watoto." Kisha akasema, "Mama yangu alinipa jina hili ili liponye."

Ba Chola akatoka nyuma yetu, akaegemea ukuta. Alikuwa amesikia jina la Tobiti, basi akaelewa ni yeye anayesemwa.

"Munganga, usiumie moyo. Moja linaona. Miye natosheka nalo, bwato halitaki macho mawili."

"Si kosa lako, Muzee."

"Wala lako. Ni la kambale. Pengine alikuwa samaki mwingine."

Munganga hakucheka.

Juma lile alitaka tuvuke Chisenga. Moyo wake mugonjwa, jua kali, lakini akavuka. Wavuvi wakakusanyika pale wanapoanika chisense, akasimama mbele yao na kusema kwa Kiswahili chake kwamba jina lake ni Mungu ameponya, si nyongo imeponya. Akasema yule malaika alimuambia Tobia, hakumuambia mutu mwingine. Akamuita Ba Chola, akawaonyesha jicho. Ba Chola akakubali kuonyeshwa, akageuza uso huku na huku kila mutu aone. Tangu siku hiyo sijapata jicho la nyongo kutoka Chisenga. Hilo ni zuri. Lakini tulipokuwa tunarudi ndani ya bwato, munganga akaniambia, "Mama, kuanzia leo niite Munganga tu." Wagonjwa walipomuuliza jina lake inasema nini, alikuwa anajibu, "Ni jina la babu," na kuendelea na kazi.

Malita alikuwa na mimba wakati ule, akazaa mutoto mwanaume kabla munganga hajaondoka. Ba Chola akavuka, amevaa shati safi, ameshika kuku.

"Munganga, mujukuu wangu ni mwanaume. Nataka awe majina yako." Kwetu majina ni mutu munayebeba naye jina moja, ni undugu, si heshima tu. "Lafaele. Na weye uwe baba wa ubatizo."

Munganga aliangalia kuku, akaangalia miye. Nilifikiri atalia kwa furaha.

"Hapana, Muzee," akasema. "Mupe jina la babu yake. Mupe lako."

"Langu liko, halipotei. Nataka lako."

"Nakuomba. Si hili. Kila mara utakapomuita mutoto utakumbuka jicho."

"Miye nakumbuka la kuume!"

"Muzee, miye ndiye munganga. Nisikilize."

Hapo Ba Chola akakubali. Alikuwa mutu wa kutii munganga. Alikuwa amekosa kumutii mara moja tu, pale alipofikiri anamutii zaidi. Akaacha kuku, akarudi kisiwani. Mutoto akabatizwa Mumba, jina la upande wa baba yake. Munganga hakuenda ubatizoni. Alikaa na kupanga vyombo vilivyokuwa vimepangwa tayari. Mwisho wa mwezi akasafiri, na hakurudi tena.

Kulikuwa kipindi cha kazi nyingi baadaye, wakati watu wa kwetu Kongo walikuwa wanakimbia vita, wanafika kwa mabwato na kupelekwa kambi ya wakimbizi ya Kenani. Macho yaliyojaa vumbi, watoto wenye surua, nilitafsiri mpaka sauti ikakauka. Nilimufikiria kila siku, nikisema angekuwa hapa. Nilikuwa nimestaafu tayari simu ilipolia, namba ndefu ya ng'ambo. Sauti ya mwanamuke muzee, Kifaransa chake kibovu, na changu kimeoza kwa miaka ya Zambia. Alikuwa dada yake. Alisema wamemuzika. Akasema kaka yake alikuwa anataja Mweru mpaka siku za mwisho, na mutu mumoja anayeitwa Mama.

Tukalia pamoja, kila mutu na lugha yake. Kisha akauliza kitu ambacho sikukitegemea.

"Kaka yangu hakuoa. Hakuna mujukuu wa kupokea jina. Nimesikia kwenu watu wanawapa watoto majina ya waganga. Kuko Raffaele mumoja kule? Hata mumoja?"

Vijana, nimewaambia wagonjwa habari nyingi mbaya. Nimemuambia mama kwamba mutoto wake hataona. Lakini swali lile nilitamani kulijibu kwa uongo. Ningesema "yuko" angelala vizuri. Na mumoja alikuwa karibu kuwako, babu yake alikuja kuomba jina na kuku mukononi, naye Raffaele mwenyewe akamurudisha.

"Hapana, dada," nikasema. "Hayuko."

Nikasikia redio inacheza nyumbani kwake. Akasema, "Basi," na "Asante," na simu ikakatika. Namba ile nimeijaribu mara nyingi. Haiingii.

Nilivuka Chisenga mwenyewe, na magoti yangu haya, kumupa Ba Chola habari ya kifo. Nilimukuta anachonga, kichwa amekigeuza upande ili jicho linaloona lifuate shoka. Nikamuambia yote, na swali la dada pia. Aliweka shoka chini.

"Nilimusikiliza," akasema. "Ni juu ya jicho tu nilipaswa kumusikiliza. Juu ya jina hakuwa munganga."

"Ulimuheshimu, Tata."

"Nilimuacha aende na uzito ule. Mutoto angemuvuta ndevu, angeushusha." Akakaa. "Mama, weye wa kanisa, niambie. Mutu muzee anaweza kupewa jina?"

Ba Chola alikuwa amebatizwa utotoni kwa jina la Yoani, lakini kipaimara hakupokea. Kila Askofu alipokuja, yeye alikuwa ziwani. Nikamuambia ndiyo, kwenye kipaimara mutu anaweza kuchagua jina la mutakatifu, hata la malaika.

Mapadri walimuruhusu. Alijifunza mwaka muzima pamoja na watoto wa shule, akivuka ziwa kila Jumamosi, na wale watoto wakimucheka kwa sababu alikuwa anasahau vipaji saba vya Roho Mutakatifu, kila mara anataja sita na kuongeza "na subira", isiyokuwamo. Siku yenyewe kanisa lilijaa mpaka nje. Alisimama kwenye mustari kati ya wasichana wawili wenye nguo nyeupe, na miye nyuma yake kama musimamizi, mukono begani kwake.

Askofu akauliza jina.

"Lafaele," akasema Ba Chola, kwa sauti ya mutu anayeita bwato kutoka ng'ambo.

Askofu alikuwa na mukono mukarimu. Mafuta yalikuwa mengi, na joto la kanisa likayayeyusha. Yakashuka kutoka paji la uso, yakapita nyusi, yakaelekea jicho la kushoto, lile lililokufa. Mukono wangu ukaenda wenyewe na kitambaa, ni mazoea ya kazi, kabla hayajaingia. Ba Chola akaushika hewani.

"Acha, Mama," akaniambia polepole. "Hilo haliogopi kitu tena. Acha yafike."

Nikarudisha mukono begani kwake, na mafuta yakafika.